Rangi ya Pembe za Vugo

Pembe za vugo, ngoma ya kina mama, zikianza kugongwa arusini, mimi huona vitone vya rangi ya damu ya mzee vikipasuka upande wa kushoto, usawa wa sikio, kisha vikishuka kwa safu mpaka vikapotea. Sihitaji kufumba macho wala kuwaza. Pembe zikinyamaza, vitone navyo vimekwisha; zikianza tena, hurudi kwa rangi ileile na upande uleule. Imekuwa hivyo tangu nilipokuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mabuibui ya kina mama katika vichochoro vya mtaa wa Langoni, nikisikiliza nyimbo ambazo watoto hatukutakiwa kuzisikia.

Mimi ni mchoraji. Nimezaliwa Lamu, nimeolewa Lamu, na riziki yangu naipata kwa brashi. Kwa miaka mingi niliuza picha bila kumwambia mtu rangi zake zinatoka wapi. Siku hizi nasema, na karibu kila ninayemwambia hunijibu kwa maneno yaleyale: "Basi kazi yako nyepesi, wewe wanakili tu unachokiona." Si kweli hata kidogo, na jambo hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Hali yenyewe wataalamu huiita sinestesia. Sisi tunahesabu milango mitano ya fahamu. Kwa mtu kama mimi, ukigonga mmoja hufunguka miwili. Wapo wanaoonja maneno ulimini, wapo wanaoona herufi na tarakimu zikiwa na rangi, na wapo tunaoona sauti. Si ugonjwa. Mtu wa kwanza anayejulikana kuieleza kitaalamu ni daktari Georg Sachs, aliyeandika habari zake mwenyewe mwaka 1812. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2006 ulikadiria kwamba watu 4 hivi katika kila 100 wana aina mojawapo, na inafahamika kuwa hutembea katika ukoo. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba sehemu za ubongo zilizopakana huwasiliana kuliko kawaida. Kumjua mwenye nayo ni rahisi: anaulizwa rangi za herufi au sauti kadhaa, kisha baada ya muda anaulizwa tena ghafla. Anayebuni huchanganyikiwa. Mwenye nayo hujibu yaleyale, maana kwake hakuna cha kukumbuka; anaangalia na kusema.

Kwangu herufi zina rangi pia, na zilianza chuoni, tulipofundishwa herufi za Kiarabu. Alifu nyeupe, jimu kijani, sini samawati. Nashuku jimu ilitoka kwenye jalada la juzuu yangu ya kwanza, na si ajabu: utafiti wa Marekani wa 2015, uliohusisha watu zaidi ya 6,000 wanaoona herufi kwa rangi, uligundua kuwa asilimia 6 hivi kati yao wana rangi zinazofanana na za herufi za sumaku za kuchezea za Fisher-Price zilizokuwa zikibandikwa kwenye majokofu walipokuwa wadogo. Ubongo unazaliwa na tabia hiyo, lakini rangi nyingine unaziokota nyumbani.

Mamangu aliposikia habari za jimu ya kijani alishtuka. Alinishika mkono akanipeleka kwa maalim nikaandikiwe kombe, aya za kuoshwa sahanini na kunywewa. Namkumbuka yule mzee amekaa kitako juu ya mkeka, sahani nyeupe mapajani, kalamu ya mwanzi mkononi na kikombe kidogo cha zafarani iliyorowekwa. Aliandika taratibu, akaiacha sahani ikauke kidogo, kisha akamimina marashi ya mawaridi na kuizungusha. Mimi nilikuwa nimeinamia sahani ile kiasi cha pua kunukia. Meno ya sini ndiyo yaliyoondoka kwanza. Mkia wa jimu ulikaa, kwa kuwa wino ulikuwa mzito pale kalamu ilipotua, ukatoa uzi mmoja wa manjano uliozunguka sahani nzima. Na hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa kazi yangu: meno ya sini yalipofutika, samawati yake iliondoka saa ileile, ingawa zafarani yenyewe ilikuwa bado imo sahanini. Rangi niliyokuwa nikiiona haikuwa ya wino. Ilikuwa ya umbo, na umbo likivunjika haina pa kukaa.

Nilikunywa kombe langu. Maalim akanihoji kwa upole naona nini na tangu lini, nikamweleza. Akamgeukia mamangu: "Mwana huyu mzima. Msimtishe." Mungu amrehemu.

Nilipokuja kusoma habari za Carol Steen nililia. Huyu ni mchoraji na mchongaji wa Marekani, mzaliwa wa Detroit, 1943. Alipokuwa na miaka 7 alimwambia rafiki yake wakitoka shule kwamba herufi A ni ya waridi iliyo nzuri kuliko zote. Rafiki akamwambia yeye ni kioja. Akafunga mdomo. Alipofika miaka 20, akiwa likizoni kutoka chuo kikuu, wamekaa mezani kwa chakula cha jioni, yakamtoka tu kwamba tarakimu 5 ni ya manjano. Babake akanyamaza kidogo, kisha akasema hapana, ni manjano ya udongo. Mama na kaka wakabaki wanatazamana. Miaka yote ile ya kunyamaza, na mwenzake alikuwa nyumba hiyohiyo, anakula naye! Mwaka 1993 alisikia redioni mahojiano na Richard Cytowic, daktari wa mishipa ya fahamu, ndipo akajua hali yake inachunguzwa na wasomi. Mwaka 1995 akawa mmoja wa waanzilishi wa chama cha watu wa sinestesia nchini Marekani.

Nyumbani mimi sikukaa kimya muda mrefu hivyo, kwa sababu nilikuwa na bibi. Bibi alikuwa fundi wa hina na piko, anaitwa kila nyumba yenye arusi, Mkomani na Langoni. Mamangu alipomsimulia ya kombe, bibi aliniita, "Ndoo ukae kitako hapa." Akaniuliza sauti yake yeye ni ya rangi gani. Nikamwambia ni kunde, na pembeni ina zari. Hakucheka wala hakutoa macho. Alivuta kinyago cha mkono alichokuwa akifundishia, akanipa kijiti, akaniambia nijaze majani.

Basi kazi yangu ya uchoraji ilianzia kwenye ngozi za watu, na nashukuru ilianzia huko. Hina ina rangi moja, piko ni nyeusi. Huwezi kumwekea biharusi samawati ya sini. Kilichobaki ni mpangilio: vitone vinene kiasi gani, vikaribiane wapi, mstari upumzike wapi kabla ya kuingia kwenye kiwiko. Kina mama wakipiga vugo ukumbini, mimi chumbani nilikuwa nikivipanga vitone vya piko kwa namna ninavyoviona vikishuka, vikubwa juu, vikipungua kuelekea kidole. Mabiharusi walipenda. Nimejifunza mwendo wa picha kabla ya kugusa rangi, na wachoraji wengi ninaowajua wamejifunza kinyume chake.

Rangi nilizigusa baadaye. Kulikuwa na tamasha la wachoraji, wa kigeni na wa Kenya, waliokuwa wakija kijiji cha Shela na mjini, wakisimamisha vibao vyao vichochoroni na kuchora mbele ya watu. Nilisimama nyuma yao saa nyingi kutazama wanavyochanganya. Kisha nikaanza kuuza: mashua machweo, punda mwenye mzigo wa mawe, mlango uliochongwa. Sizidharau picha zile, zimesomesha watoto.

Lakini usiku, watoto wakilala, nilikuwa nikijaribu kuchora sauti, na hapo ndipo yule anayesema nanakili tu angekaa na mimi aone.

Sauti haitulii. Ninachokiona hakikai mbele yangu kikingoja nipige brashi. Kinaingia, kinajikunja, kinapita, na kingine kimeshakipanda mgongoni. Ukichora vugo, kitone cha kwanza kimekufa kabla hujafungua kopo. Tena rangi zile zina mwanga wa ndani ambao hakuna akriliki iliyoutoa. Damu ya mzee ya dukani ikikauka huwa ya tope. Kila mchoraji mwenye hali hii ninayemsoma namsoma kwa swali hilo moja: alifanyaje kukisimamisha kitu kisichosimama?

Steen anacheza wimbo mmoja tena na tena mpaka picha iishe, akikamata kila mara sehemu ileile. Maumivu pia yeye huyaona. Jino likimuuma, uchungu wake ni rangi ya chungwa. Mchoro wake wa 1996 uitwao Vision ulitokana na kuchomwa sindano za tiba ya Kichina: alikuwa amelala, macho kafumba, akaona weusi ukitobolewa na kitone chekundu kilichokua mpaka kikaufukuza weusi, na ndani ya wekundu yakazuka maumbo ya kijani. Ukiutazama unajua huo ni mpigo mmoja tu wa jambo refu. Yeye amekubali hasara hiyo. Anachagua kipande kimoja cha wakati na kukiheshimu.

David Hockney, Mwingereza wa Bradford, mzaliwa wa 1937, alipita njia nyingine. Anaona rangi kwa muziki, lakini katika picha zake maarufu, yale mabwawa ya kuogelea ya California, hakuzitumia. Alizitumia jukwaani. Mwaka 1981 alitengeneza mandhari ya michezo ya muziki kwenye jumba la Metropolitan Opera, New York, na akasimulia kwamba alipousikiliza muziki wa Ravel kwenye sehemu yenye mti, umbo na rangi za mti vilikuja vyenyewe. Nadhani alifanya hesabu nzuri kuliko sote. Jukwaani muziki upo, unapita mbele ya rangi, na taa zinabadilika nao. Haikumlazimu kukisimamisha kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 masikio yake yalianza kupungua nguvu, na amesema kadiri usikivu ulivyopungua ndivyo alivyoiona nafasi, umbali wa vitu, kwa uwazi zaidi. Habari hiyo huwa naisoma polepole. Mchoraji wa sauti anayepoteza sauti, akapata kitu kingine machoni.

Wassily Kandinsky, mchoraji Mrusi, ndiye anayetajwa kila mahali. Alisomea sheria Moscow. Alipousikia muziki wa Wagner kwenye jumba la Bolshoi aliziona rangi zake zote mbele ya macho, na mwaka 1896, akiwa na miaka 30, aliiacha sheria akaenda Munich kujifunza kuchora. Januari 1911 alihudhuria tamasha la muziki wa Schoenberg, na mara baada yake akachora picha ambamo manjano imetanda kila mahali na piano ni umbo jeusi tu linaloelea. Wasomi wanabishana kama kweli alikuwa na sinestesia au alikuwa mtu wa nadharia. Mimi picha ile inaniridhisha. Manjano yake imezidi kipimo, imewafunika hata wasikilizaji waliokaa, na mtu anayebuni rangi kwa nadharia angeigawa vizuri zaidi.

Aliye karibu nami kuliko wote ni Marcia Smilack, mpiga picha wa kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Hachori. Anapiga picha za vivuli vya boti na nyumba majini, na anabonyeza kamera pale rangi za maji zinapomlilia sautini. Picha yake moja aliipiga kwa kuwa maji yalimpa sauti ya fidla kubwa, ile inayoitwa selo. Kwake yeye mambo yamegeuka: mimi sauti hunipa rangi, yeye rangi humpa sauti. Nilipoziona picha zake nilishuka gatini alfajiri, maji yamejaa, boti za injini hazijaanza. Injini kwangu ni kijivu kizito kinachofunika kila kitu, kwa hiyo saa ile ni ya thamani. Mashua zilikuwa zimefungwa, kamba za milingoti zikigonga mti kwa upepo mdogo, na kila kigongo kilikuwa mstari mwembamba wa nili. Na chini yake, majini, milingoti yenyewe ilikuwa ikivunjika na kujiunga, kuvunjika na kujiunga. Nikamwelewa Smilack. Yeye ameyaachia maji kazi ya kusimamisha na kuachia.

Maji ndiyo yaliyonipa jibu langu, ingawa yangu yalikuwa ya kwenye sahani. Siku hizi sichori juu ya kitambaa kikavu. Nanunua matanga yaliyochoka, nayalowesha, natandaza darini kwenye sakafu ya chokaa, kisha natia rangi nyepesi mno kwa brashi pana na kuiacha ikimbie. Kitambaa cha tanga kimefumwa kwa ajili ya upepo, kimekaza, hakinyonyi upesi; rangi hutembea juu yake muda wa kutosha mimi kusikiliza tena na kuamua. Panapokuwa na kiraka hukwama, huwa nzito ukingoni, hutoa uzi. Umbo linaanza kuvunjika na mimi nalikausha kwa kitambaa kabla halijavunjika lote. Sichukui maandishi ya kombe, hayo si ya kuchezea; nimechukua mwendo wa maji tu. Picha ikikauka, vitone vya vugo viko pale, vingine vimeshaanza kuondoka.

Adhana siichori. Naiona kila alfajiri, na rangi yake itabaki kwangu.

Kuna jambo la mji wangu ambalo wageni hawalitarajii. Wananiuliza kama si tabu kuchora michoro isiyo na umbo la kitu katika mji wa Kiislamu wenye misikiti kila mtaa. Ni kinyume. Mwenye kuchora nyuso za watu ndiye atakayekutana na mzee wa kumkanya. Angalia ndani ya nyumba zetu za mawe: zidaka, yaani vishubaka, zilizopangwa ukutani mpaka juu, plasta ya chokaa iliyokatwa mafundo na majani, miimo ya milango iliyochongwa minyororo na mawaridi. Hakuna sura ya mtu wala ya mnyama, na jicho limeshibishwa. Mafundi wa mji huu ambao UNESCO iliuandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 walijua zamani kwamba mpangilio peke yake waweza kubeba ukuta mzima. Jirani yangu, mama mtu mzima asiyejua Kandinsky ni nani, alisimama mbele ya tanga langu la kwanza akaniambia, "Hii ni ile saa wanapokoleza." Alikuwa anazungumzia vugo, na alikuwa amepatia. Mtalii aliyekuja alasiri hiyohiyo aliuliza kama nina ya punda.

Nilikuwa nayo, nikamuuzia. Lakini nasema wazi, na hasa kwa vijana wa hapa wanaojifunza brashi: picha za machweo zinatulisha na pia zinatufanya tuuone mji kwa jicho la mtu atakayeondoka Jumapili. Lamu ina sauti ambazo hazijapata picha hata moja. Matari ya Maulidi ya msikiti wa Riyadha, pale kundi zima linapoinama na kuinuka pamoja. Fundi wa kalafati kijijini Matondoni, akishindilia pamba katikati ya mbao, nyundo yake ikibadilika sauti kadiri upenyo unavyojaa. Kwangu hiyo ni rangi ya kutu inayokwenda ikikolea mpaka inakuwa nyeusi, na ikiwa nyeusi fundi huhamia ubao wa pili. Hahitaji mchoraji kuwa na sinestesia ili kuyasikiliza hayo. Joan Mitchell, mchoraji wa Chicago aliyeishi Vétheuil, Ufaransa, mpaka alipofariki 1992, anaelezwa kuwa aliona rangi kwa sauti, kwa herufi na hata kwa watu, na alikuwa akichora usiku muziki ukivuma. Lakini kilichojaza zile picha zake zenye vipande viwili na vitatu ni mkono uliorudia kazi miaka na miaka. Rangi alipewa. Mkono aliutafuta.

Sasa nina jambo kubwa mbele yangu: siwa, baragumu kubwa la sherehe. Kwenye jumba la makumbusho la Lamu ipo siwa ya Pate ya pembe za ndovu, inayompita mtu kwa urefu, na ipo ya Lamu ya shaba. Nimeisikia siwa ikivuzwa sherehani, na sijaona sauti nyingine ya namna ile. Haiji kwa vitone wala kwa mistari. Inashuka yote kwa pamoja, urujuani mzito kutoka juu mpaka miguuni, na ndani yake kuna mtetemo wa dhahabu ambao mwisho wa pumzi ya mpulizaji hugeuka kijani, kwa muda mfupi sana. Kitambaa cha kawaida hakiitoshi. Inataka tanga zima, pembe zote tatu, likiwa limening'inizwa kwenye foromali, mti wake wa juu.

Nimelipata kwa nahodha mmoja wa Matondoni ambaye jahazi lake limepata tanga jipya. Tumekubaliana bei. Sharti lake ni moja, nisikate wala nisifumue viraka, maana kila kiraka anakijua kilitoka safari ipi. Nimekubali bila kusita. Vile viraka ndivyo vitakavyonikamatia kile kijani. Dari yangu haitoshi, kwa hiyo nitalifanyia kazi pwani hukohuko kwake, maji yakitoka, na maji matamu nitayabeba kwa punda kutoka kisimani, kwa sababu chumvi huila rangi ya dhahabu kabla ya mwaka kwisha.